KUKU ALIYEKATWA MDOMO: KWA NINI ANAENDELEA KUUMIA HATA KIDONDA KIKIPONA?



Umezoea kusoma hapa habari za malaria, vyoo, chanjo na maji safi. Safari hii tunaongea juu ya kuku. Tafadhali usigeuze ukurasa. Kuku wa mayai wamekuwa wengi katika makazi yetu, na yai ndilo linalomfikia mtoto ambaye mgao wa mwezi haumtoshi. Kuku akiacha kula, na mtoto anakosa. Tena, jambo nitakalolieleza linatokea kwa kuku na kwa binadamu kwa njia moja, na ndugu zetu waliopoteza mguu au mkono kwa sababu ya vita watalitambua kabla sijamaliza.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja wa kijiji ninachokihudumia alinunua matembe 12 wa mayai kwa pesa alizokopa katika kikundi cha akiba. Walipokaribia miezi minne walianza kudonoana. Walinyofoana manyoya ya mgongo na ya mkia, na siku moja mmoja akatoka damu sehemu ya nyuma, wenzake wakamdona hapohapo mpaka utumbo ukatoka nje. Mama akaniita, kwa sababu mimi ndiye mtu wa afya anayepita mlangoni kwake kila wiki. Kuku sikuwa nimewasomea. Nilikuwa nimesikia tu kwamba dawa ya kudonoana ni kukata midomo, nikamwambia akate.

Palikuwa na mtu anayezunguka na kazi hiyo. Alikuja na kisu, akakipasha kwenye makaa ya jiko mpaka kikawa chekundu, akakata karibu nusu ya mdomo wa juu na kipande cha mdomo wa chini. Kuku 11 walimalizika kwa muda usiofika saa moja. Jioni ile walikula kama kawaida. Mama alifurahi, akaniambia, "Mwanangu, umeniokoa."

Siku ya tatu alikuja kunitafuta nyumbani. Kuku walikuwa wamesimama kwenye pembe ya banda, macho nusu yamefumbwa. Walikwenda kwenye chakula, wakagusa mara moja, wakarudi nyuma. Mmoja alikufa wiki ileile, mwingine wiki ya tatu, na huyo wa pili alipochinjwa alikuwa mifupa mitupu, ingawa chakula kilikuwa mbele yake siku zote. Vidonda vilikuwa vimekauka vizuri. Yule mkataji alipoulizwa alisema ni ugonjwa mwingine umeingia, kwa sababu mdomo umepona. Mimi nami nilisema hivyohivyo. Tulikosea wote wawili, na afisa mifugo ndiye aliyenieleza sababu. Baadaye nesi wa kituo chetu alinionyesha katika kitabu chake jinsi mishipa ya fahamu inavyokuwa, ndipo nikaelewa.

Je, mdomo wa kuku ni kama kucha?

Watu wengi husema kukata mdomo wa kuku ni kama kukata kucha. Ukiutazama kwa nje unaweza kuamini, kwa sababu sehemu ya nje ni ngumu na imetengenezwa kwa kitu kilekile kinachotengeneza kucha na pembe. Lakini chini ya gamba hilo kuna ngozi laini yenye damu na mishipa ya fahamu, na chini ya ngozi hiyo kuna mfupa. Kisu kinachokata theluthi au nusu ya mdomo kinapita katika vyote vitatu. Anayetaka kulinganisha na kucha basi asifikirie ile ncha nyeupe tunayoikata kwa wembe. Afikirie nyama iliyo chini ya kucha, na ncha ya kidole pamoja na mfupa wake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1965 kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza, iliyoongozwa na Profesa Brambell, ilichunguza hali ya mifugo inayofugwa ndani. Katika ripoti yake ilikataa kabisa hoja ya kucha, ikaeleza kwamba kati ya gamba na mfupa kuna tabaka laini lenye kuhisi sana. Imepita miaka mingi tangu wakati huo, na hoja ya kucha bado inasemwa sokoni.

Mdomo ndio mkono wa kuku. Kwa mdomo anaokota punje, anachagua hii na kuacha ile, anapanga manyoya yake, anatoa utitiri, anageuza majani ya kiota, anamgusa kifaranga wake. Ndiyo maana ncha ya mdomo imejaa vihisio vidogo vidogo: vingine vinapokea mguso, vingine joto na baridi, vingine maumivu. Habari zote hizo zinapelekwa kwenye ubongo na mshipa mkubwa wa fahamu wa uso. Na sisi binadamu tunao mshipa huohuo, ndio unaobeba maumivu ya meno. Aliyewahi kukesha na jino anajua tunazungumzia mshipa gani.

Siku ya kwanza inadanganya

Sasa tuone kwa nini kuku wa yule mama walikula jioni ileile.

Watafiti waliochunguza jambo hili kwa undani walikuwa Edinburgh, huko Scotland, katika miaka ya 1980 na 1990. Mmoja wao aliyejulikana zaidi ni Michael Gentle. Waliwakata kuku midomo kwa kisu cha moto kama inavyofanyika kwenye mashamba makubwa, kisha wakahesabu ni mara ngapi kuku anadona kitu kinachomvutia. Saa sita baada ya kukatwa, kuku walidona kama kawaida. Baada ya saa 26 walikuwa wamepunguza sana. Maumivu yalikuwa yamefika.

Hata kwa binadamu aliyeungua vibaya hali hiyo inaonekana. Moto mkali unaua ncha za mishipa ya fahamu mahali pale, kwa hiyo mtu mwenye kuungua kwa kina anaweza kuongea na kutembea saa za mwanzo, akasema hasikii kitu. Baadaye sehemu zinazozunguka zinavimba, ncha zilizobaki zinaamka, na usiku wa pili ndio anaanza kulia. Mkataji wa midomo analipwa na kuondoka ndani ya saa hizo za ukimya. Yeye hasemi uongo anaposema kuku wake hawasikii maumivu, maana hajawahi kubaki kuona siku ya pili.

Maumivu hayo ya siku za kwanza ni ya kidonda, na yangeisha kidonda kikipona. Kama mambo yangeishia hapo, nisingeandika makala yote haya.

Mshipa unaotafuta njia

Mshipa wa fahamu ukikatwa, haufi wote. Sehemu iliyobaki, iliyo upande wa ubongo, inaanza kuchipua kama shina la muhogo lililochomekwa ardhini. Nyuzi ndogo zinatoka na kusonga mbele, zinatafuta mahali zilipokuwa zimefika zamani. Kama ngozi ya mbele ingekuwepo, zingeingia humo na kazi ingeendelea. Lakini ncha ya mdomo haipo tena, na mbele kuna kovu gumu lililotengenezwa na moto. Nyuzi zinagonga kovu, zinageuka, zinarudi, zinajizungusha zenyewe kwa zenyewe kama uzi uliofundikana. Fundo hilo la nyuzi linaitwa nyuroma.

Watafiti wa Edinburgh waliyaona mafundo hayo kwenye vipande vya midomo walivyovitazama kwa hadubini. Kwa kuku waliokatwa wakiwa na umri wa wiki tano, mafundo yalikuwa yameshajengeka ndani ya wiki mbili hadi nne, yaani wakati uleule ambapo kwa nje unaona mdomo umekauka na kupona. Hapo ndipo mimi na mkataji tulipokosea. Tulitazama gamba la nje, tukasema amepona, kumbe ndani ndipo shida ilikuwa inaanza.

Fundo kama hilo lina tabia mbaya mbili. Kwanza, linashtuka kwa kitu kidogo. Punje ya mahindi, ukingo wa bakuli, maji ya baridi, vitu ambavyo havikuwa na shida yoyote, sasa vinaweza kuumiza. Pili, na hili ndilo lililonishangaza, linatoa habari lenyewe bila kuguswa. Mwaka 1985 Breward na Gentle walitoa taarifa kwamba walipima mishipa ya fahamu ya midomo iliyokatwa, wakakuta inapeleka ishara kwenye ubongo ovyo ovyo, wakati hakuna kitu kinachoigusa. Mshipa mzima haufanyi hivyo. Ni sawa na simu inayoita usiku kucha na hakuna aliyepiga.

Na ubongo unaopokea ishara hizo kila siku haubaki kama ulivyokuwa. Kwa binadamu tunajua kwamba maumivu ya muda mrefu yanaifanya njia yote ya maumivu kuwa nyepesi kushtuka, hata ishara ndogo inapokelewa kama kubwa. Maumivu ya kwanza yalikuwa yanalinda kidonda. Haya ya baadaye hayalindi kitu chochote, yamekuwa ugonjwa wenyewe.

Kuku hawezi kusema anaumwa wapi, lazima umtazame. Huko huko Scotland waliwatazama kuku waliokatwa wakiwa na wiki 16, umri karibu sawa na wa kuku wa mama yetu. Wiki tano na sita baadaye walikuwa bado wanatumia mdomo kidogo kuliko kawaida. Walidona mazingira kidogo, walipangusa midomo mara chache, walisimama au kukaa muda mrefu bila kufanya kitu. Kazi ya lazima walifanya, yaani kula kidogo na kunywa, lakini ile isiyo ya lazima waliiacha. Mtu mwenye jino bovu naye anatafuna upande mmoja tu, na nyama ngumu haigusi.

Mzee alielewa kabla yangu

Jirani wa yule mama ni mzee aliyekatwa mguu chini ya goti kabla hatujakimbia Kivu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake siku nilipokwenda kutazama kuku. Alimtazama mmoja aliyekuwa anasogea kwenye bakuli na kurudi nyuma, akasema, "Huyo anafanya kama mimi." Nilifikiri ni utani. Aliniambia kwamba mguu ule uliopona miaka mingi iliyopita bado unamchoma usiku, na kwamba kuna mahali kwenye kigutu akipagusa kwa kidole anaruka. Wakati mwingine anaumwa na vidole ambavyo havipo.

Nakiri kwamba huko nyuma aliwahi kuniambia habari hiyo, na nilimjibu kwamba ni mawazo, azidi kusali na kupumzika. Sikumpeleka popote.

Anachosikia mzee ni cha kweli na kinajulikana tangu zamani. Huko Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, daktari Silas Weir Mitchell aliwahudumia askari wengi waliokatwa viungo, na mwaka 1871 aliandika juu ya watu wanaosikia mguu au mkono usiokuwepo. Mshipa wa mguu uliokatwa unachipua na kufundikana kama ule wa mdomo wa kuku. Watafiti wa kuku wenyewe walifanya ulinganisho huo, walisema waliyoyaona kwenye mdomo yanafanana na yale yanayoonekana kwenye kigutu cha binadamu.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyekatwa kiungo, ukisikia kuchomwa, kupigwa kama umeme au kuungua mahali palipopona, au katika sehemu ambayo haipo, usikae kimya ukiogopa kuitwa mwendawazimu. Njoo kituo cha afya useme hivyohivyo. Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havisaidii sana, lakini ziko dawa nyingine za maumivu ya mishipa ya fahamu, na daktari ndiye anayeamua. Kuna mazoezi ya kupapasa na kusugua kigutu taratibu, na yako mazoezi ya kujitazama kwenye kioo ili ubongo uone kiungo kizima kikisogea bila maumivu. Mara nyingine shida ni mguu wa bandia unaobana palepale penye fundo, na kuurekebisha kunatosha. Mzee nilimsindikiza mwenyewe. Sasa anapata dawa ya usiku na anasema analala, si kila siku, lakini analala.

Je, kila kuku aliyekatwa anabaki na maumivu?

Hapana. Hapa ni lazima tuseme sawa, tusitie chumvi. Mambo matatu yanaamua: umri, kiasi kilichokatwa na chombo kilichotumika.

Kifaranga aliyekatwa kidogo tu, kabla hajafika siku kumi, mara nyingi anapona vizuri zaidi. Katika umri huo mdomo bado unakua, sehemu iliyokatwa inaota tena kwa kiasi, na nyuzi za fahamu zinapata mahali pa kuingia. Utafiti uliofanywa Australia na kutolewa mwaka 1996 ulitazama kuku wakubwa waliokatwa kidogo siku ya kuanguliwa, na mafundo hayakuonekana. Waliokatwa sana hali yao ni nyingine. Na hata anayepona vizuri, ncha mpya haina vihisio kama ya kwanza.

Kwenye viwanda vikubwa vya kutotolesha vifaranga, tangu miaka ya 2000 wengi wameacha kisu na kutumia mwanga mkali wa joto unaopiga ncha ya mdomo siku ya kwanza. Hakuna kidonda wazi, na ncha inalainika na kudondoka yenyewe baada ya wiki moja mbili. Wanaotetea njia hiyo wana sababu, maana ni afadhali kuliko kisu. Lakini hapa kwetu hakuna mashine hiyo. Tulicho nacho ni kisu cha jikoni, makaa, na matembe wa miezi minne. Kwa mambo yote matatu, umri, kiasi na chombo, kuku wa mama walipata lililo baya zaidi.

Basi kwa nini watu walianza kukata?

Kwa sababu kudonoana kunaua kweli, nawe msomaji usidhani wafugaji ni watu wakatili. Kuku anayeliwa na wenzake akiwa hai anaumia kuliko aliyekatwa mdomo, na mwenye kuku anapoteza mali. Desturi ya kukata ilienea Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, wakati kuku walipoanza kufungiwa wengi pamoja. Mwanzoni walitumia moto wa gesi na vyuma vya kuchomelea, baadaye zikatengenezwa mashine zenye kisu kinachofika zaidi ya nyuzi joto 600 za Selsiasi.

Lakini ziko nchi zilizoacha. Norway ilikataza mwaka 1974, Finland mwaka 1986, Sweden mwaka 1988, na wote wanaendelea kufuga kuku wa mayai. Walilazimika kubadilisha mabanda, chakula na aina ya kuku. Maana yake ni kwamba kudonoana kuna sababu, na sababu zinaweza kuondolewa.

Sababu kubwa ni hii: kuku ameumbwa kudona na kuchakura tangu asubuhi hadi jioni. Kuku wa kienyeji anayezunguka nyuma ya nyumba anadona ardhi mara maelfu kwa siku. Mfungie kwenye sakafu tupu, mpe chakula kinachoisha kwa dakika ishirini, halafu saa zilizobaki adone nini? Anadona kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni manyoya ya mwenzake. Yakitoka, ngozi inaonekana, damu ikitoka wote wanakuja.

Banda la mama lilikuwa na kila kosa. Lilikuwa la mabati na lenye joto, jua la mchana liliingia moja kwa moja. Kuku 12 katika nafasi ndogo kama kitanda cha mtu mmoja. Chakula pumba za mahindi peke yake, asubuhi na jioni. Hapakuwa na kiota, kwa hiyo wangetaga palepale kwenye mwanga, na kuku anapotaga sehemu ya nyuma inatoka nje kidogo ikiwa nyekundu na yenye unyevu, ndiyo inayowavuta wengine. Hayo yote niliyaona kila wiki nilipopita, na sikujua kwamba ninayaona.

Tulichokifanya hakikugharimu sana. Tuliziba upande wa jua kwa magunia ili banda liwe na kivuli. Tuliweka majani makavu sakafuni, na chakula kingine akawa anakitawanya ndani ya majani hayo badala ya kukiweka chote kwenye bakuli, ili wakitafute. Kila siku anafunga fungu la mchicha, wengine tunasema lengalenga, na kulining'iniza juu kidogo kuliko kichwa cha kuku. Wanalirukia mpaka jioni. Pumba anachanganya na dagaa waliopondwa na chumvi kidogo sana, kwa sababu kuku anayekosa protini au chumvi anaitafuta kwenye manyoya na damu ya wenzake. Maboksi mawili yaliwekwa pembeni, penye giza, yawe viota. Vijiti vya kulalia viliwekwa ili aliye mnyonge apate pa kukimbilia. Na nafasi iliongezwa: kuku watano au sita kwa mita moja ya mraba inatosha kwenye sakafu yenye majani, zaidi ya hapo ni vita.

Ukiona kuku ana jeraha, mtoe siku hiyohiyo, mweke peke yake mpaka ngozi ifunike. Usingoje kesho. Angalia pia utitiri chini ya mabawa na kwenye nyufa za mbao usiku, maana kuku anayewashwa hana utulivu. Na kama kuna mmoja tu anayeanzisha ugomvi, mwondoe huyo kuliko kuwakata wote.

Kama umeshawakata

Kosa limeshafanyika, lakini unaweza kupunguza mateso. Jaza chakula kwenye bakuli kiwe na kina cha vidole viwili au vitatu, ili mdomo uzame kwenye chakula bila kugonga sehemu ngumu ya chini. Chakula kiwe cha kusagwa, ukipenda kiloweshe kidogo, na kisichoisha ukitupe jioni kabla hakijachacha. Maji nayo yawe ya kina, kwenye chombo kipana. Kuku anayetengwa na wenzake mlishe peke yake. Mdomo ukiota tena usirudie kuukata, kwa sababu kukata mara ya pili ni kuanza yote upya juu ya kovu, kwenye kuku aliyekwisha kuwa mkubwa.

Usiwape kuku vidonge vya binadamu. Najua wengine wanasaga paracetamol au diclofenac na kutia kwenye maji. Kipimo cha kuku si cha mtu, na dawa inaweza kuingia kwenye yai analokula mtoto. Wala usipake mafuta ya taa au unga wa betri kwenye kidonda. Uliza afisa mifugo. Na kisu kilichokata midomo kisirudi kukata nyanya kabla hakijaoshwa kwa sabuni na kuchemshwa.

Mama alibaki na kuku tisa. Walianza kutaga wiki tatu nyuma ya kuku wa jirani yake wa umri uleule, na watatu kati yao hawajawahi kufika uzito unaotakiwa. Mmoja bado anainamisha kichwa pembeni anapokula, anachota chakula kwa upande wa mdomo. Mwezi uliopita kikundi kilimpa mkopo wa pili na amenunua vifaranga 15. Muuzaji alimuuliza kama anataka wakatwe palepale bila malipo, akakataa. Wako kwenye banda jipya la udongo lililo kwenye kivuli cha mti, na lengalenga linaning'inia juu yao.